Mke Mwenza Aliyekunywa Mafuta

Shule ya misheni ilinifundisha mambo machache, na moja kati ya hayo lilikuja kuniponza. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mkali kwa vineno vitatu: hi, shi na iti. Hi ni mwanamume, shi ni mwanamke, iti ni kitu tu, meza au jembe. Lugha yetu ya nyumbani kule Magharibi haitofautishi, Kiswahili nacho hakitofautishi, basi tulikosea kila siku na tukachapwa kila siku. Mimi nilichapwa mpaka vikaniingia. Hata leo, na uzee huu wote, mtu akitamka shi mbele yangu namwona mwanamke mzima amesimama hapo na kitambaa chake kichwani.

Kwa hiyo mtaelewa moyo ulinifanyaje alasiri ile nilipomsikia mume wangu akimwambia jirani yetu, kwa Kiingereza, kwamba shi ni mzuri, shi ana nguvu, shi anamngoja. Walikuwa wameketi nje ya mlango wetu katika landhi za reli, nyumba za wafanyakazi pale Muthurwa, Nairobi, wakijizoeza lugha. Wote wawili walikuwa mafayamani, yaani watu wa kuangalia moto na maji kwenye injini ya gari la moshi, na mtihani wa udereva ulifanywa kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa ndani nachambua mboga. Nikaweka kisu chini. Nikamsikia tena anasema shi anakunywa sana, lakini akishakunywa hachoki. Jirani akacheka, akauliza kama ni mnene. Mume wangu akajibu kwamba ni mnene, ni mrefu, na ni mwekundu.

Mwekundu, tena! Nikajiuliza ni Mhindi au ni wa pwani, maana mume wangu alikuwa anafanya kazi njia ya Mombasa, na sisi wake wa reli tuliwaogopa wanawake wa Mombasa kuliko tulivyoogopa ndui. Tulisikia wanajifukiza udi, wanapaka hina, mwanamume akiingia nyumba yao anasahau hata jina la kijiji chake. Mimi nilikuwa nanuka sabuni ya kufulia kutoka Jumatatu hadi Jumamosi.

Niwaeleze kwanza nilikuwa katika hali gani, msije mkaniona kichaa. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa na sijashika mimba hata ya kusingiziwa. Kwetu jambo hilo halinong'onwi, linasemwa sokoni. Mama mkwe wangu alikuwa ameniletea ujumbe kwa mdomo wa mtu aliyekuja mjini, kwamba niliruhusiwa kuja kukaa na mume Nairobi ili nizae, na nisipozaa yeye atamtafutia mwanawe msichana mwingine, wala hataniomba ruhusa. Basi mimi sikuja Nairobi kutafuta kazi wala starehe. Nilikuja kutafuta mtoto. Sasa niambieni, mtoto anapatikanaje na mume ambaye leo yuko Voi, kesho Mombasa, keshokutwa Mtito Andei, kila mahali isipokuwa nyumbani kwake? Nilikuwa nafua nguo za Wazungu kule Hurlingham, narudi kwa miguu mgongo unaniuma, nakuta mlango uko vilevile nilivyoufunga. Na sasa eti kuna shi.

Sikumwuliza. Mimi nikikasirika kidogo napiga kelele, lakini nikiumia kweli nanyamaza, na huko kunyamaza ndiko watu wa kwetu wanakokuogopa. Siku ya pili yake, alipokwisha kuondoka, nilijifunga leso nikaenda kwa mke wa dereva wake.

Dereva huyo alikuwa Kalasinga, mtu mzima mwenye ndevu nzito na kilemba kilichofungwa bila mkunjo. Siku hizo injini kubwa ziliendeshwa na Makalasinga na Wazungu. Mwafrika alikuwa ameanza kufundishwa lakini bado hajaachiwa hizo kubwa. Walikaa katika nyumba za reli za Wahindi, ng'ambo ya stesheni, nyumba ya mawe yenye baraza. Mkewe nilimfahamu kwa sababu waume wetu walikuwa wawili wa injini moja, na mara nyingine alinipa achari ya limau, eti nimpe wangu ale na ugali.

Nilimkuta barazani anapepeta dengu. Sikuzunguka. Nikamwambia mume wangu amepata mwanamke Mombasa, mwekundu, mnene, tena mlevi, na kwamba mumewe lazima anajua, basi amwulize kwa niaba yangu. Akaniangalia. Akauliza mlevi wa nini. Nikasema sijui kinywaji chenyewe, nimesikia tu anakunywa sana. Akauliza kama mwanamke huyo ni mrefu. Nikasema ndiyo, mrefu. Basi yule mama akaanza kucheka. Alicheka hadi sinia likamponyoka na dengu zikamwagika baraza nzima, na mimi nimesimama pale nimekunja uso, sijui nicheke au nimrukie. Halafu akaacha kucheka ghafla, akajipangusa macho na ncha ya mtandio wake, akaniambia kwa Kiswahili chao:

“Bibi ya fayamani, hii mwanamke mimi najua. Hii iko injini. Mume yako, mume yangu, bibi yao iko hii moja.”

Kumbe! Kumbe Waingereza, pamoja na hizo hi na shi na iti walizotuchapia, injini wanaiita shi, na meli pia. Mwalimu wangu hakuniambia hilo. Nilipaswa kushukuru Mungu nikarudi nyumbani kwangu. Lakini nilimwona yule mama anaokota dengu kimyakimya, na nikatambua kwamba hata yeye jambo hili halimchekeshi. Nikainama tukaokota pamoja, na humo ndimo akaniambia yake. Binti yao mdogo alipozaliwa, mumewe alisema Mungu ashukuriwe, akavaa kilemba akaenda kazini. Injini hii ilipokuja kutoka Uingereza, ikaunganishwa, naye akakabidhiwa, alimkalisha mkewe jikoni kutwa nzima kukaanga ladu, vitamutamu vyao vya mviringo. Masinia kwa masinia ya ladu yalipelekwa loko, ndivyo sisi watu wa reli tulivyopaita pale injini zinapolazwa na kuhudumiwa. Wakala wote, wenye vyeo na wafagiaji. Mwenyewe aliyezikaanga alibakiziwa zilizovunjika.

Aliposema hayo ndipo wivu wangu ulipoanza hasa. Mwanamke wa nyama na damu unaweza kumfuata mlangoni kwake ukamng'oa nywele, na mambo yakaisha siku hiyo hiyo. Huyu nitamfanya nini?

Tukakubaliana twende tumwone. Ilikuwa Jumapili alasiri, amerudi kutoka Mombasa, na tulijua wanaume wetu watakuwa naye ingawa zamu yao imekwisha, kwa sababu walikuwa nao mtindo huo. Tulisimama kando ya uzio wa loko, Mhindi na Mwafrika, watu wakitugeukia. Na pale nilimwona kwa mara ya kwanza.

Haki ya Mungu, nilikuwa nimejiandaa kumdharau. Injini nilizijua. Zile za Magharibi, zilizokuwa zinapandisha kwa Kibera na Dagoretti kwenda kwetu, nilikuwa nimezipanda na kuzizoea. Nyingine zilikuwa za umbo kama lake lakini nyembamba, na zilikuwa zimechakaa. Huyu alikuwa kitu kingine. Rangi yake ilikuwa damu ya mzee, inang'aa mpaka unajiona. Alikuwa na tangi la maji mbele, tangi la mafuta nyuma, na katikati boila nene imelala kati ya hayo mawili, haikukalia gurudumu lolote. Ubavuni alibandikwa kibao cha jina, kwa sababu wote wa ukoo wake walipewa majina ya milima yetu, milima ya Kenya na Uganda na Tanganyika. Mimi jina langu lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye cheti cha ubatizo, na wino wake ulikuwa umekwisha kufifia.

Tangu siku hiyo nilijifunza habari zake zote. Ukiwa na mke mwenza unataka kujua amezaliwa wapi, ana ndugu wangapi, anakula nini, na nani alimleta. Nilimdodosa mume wangu kwa ujanja, naye, maskini, akadhani nimependezwa, akanieleza mwenyewe mate yakimtoka. Akaniambia baada ya vita mizigo ilirundikana bandarini Mombasa hadi meli zikawa zinangoja zamu, na injini zilizokuwepo zikashindwa kuivuta yote kupanda bara. Ndipo wakuu wa reli wakaagiza aina hii mpya, Uingereza. Kazi ya wachoraji ilikuwa kutengeneza injini yenye nguvu za injini mbili lakini yenye boila moja na dereva mmoja. Basi wakaweka vikosi viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kikosi na silinda zake, na kila kimoja kinageuka peke yake, ili kwenye kona injini yote ipinde kiuno. Ni yeye mume wangu aliyesema kiuno. Nilimwacha aendelee.

Aliniambia reli zetu ni nyembamba, upana wa mita moja tu, na kwamba juu ya reli za upana huo hapajawahi kutembea injini ya moshi kubwa kuliko hizi, duniani kote. Aliniambia magurudumu yake yalipangwa tangu mwanzo ili siku moja yaweze kupanuliwa, iwapo reli zetu zingeungana na zile pana za kusini. Hazikuungana. Aliniambia hachomi kuni wala makaa, anachoma mafuta mazito, na kwa hiyo fayamani wake hashiki sepetu. Anashika kigurudumu kidogo cha kupimia mafuta, anaangalia moshi ni wa rangi gani, anaangalia maji kwenye kioo, na mara moja moja anamtupia mchanga kidogo katika moto ili usugue masizi ndani ya mabomba. Alivyosema kumtupia mchanga, mkono wake ulikwenda polepole, kwa adabu. Mimi chakula changu alikuwa anakula akiwa amegeukia mlango.

Narudi pale kwenye uzio. Kalasinga alikuwa mbele anasugua pete za shaba zilizozunguka taa, ambazo alizinunua mwenyewe. Mume wangu alikuwa amepanda ubavuni, anapangusa kile kibao cha jina. Alikuwa anaimba. Mwanamume ambaye kwangu haimbi hata kanisani. Na kile kitambaa alichokuwa anapangusia nilikitambua kwa pindo lake kabla sijaamini macho yangu: ni leso yangu ya pili, pacha ya ile niliyojifunga, niliyoambiwa imeibwa kwenye kamba. Nililalamika kwa majirani mwezi mzima. Nilimshuku mwanamke wa chumba cha tatu hadi tukaacha kusalimiana. Kumbe nusu yake ilikuwa imekatwa ikapelekwa kumpangusa mwenzangu uso.

Mke wa dereva alinishika mkono, akafikiri nitapanda uzio. Alinivuta hadi barabarani. Njiani alisema leso mbona kitu kidogo, yeye kitambaa chake cha hariri cha arusi kiliishia kwenye zile taa.

Jioni hiyo ndipo nilipopiga kelele. Nilimwambia mume wangu yote, ladu, leso, wimbo, na nikamkumbusha maneno ya mama yake, ambayo yeye alijifanya amesahau. Nilimwambia sitaki nguo wala pesa, nataka likizo. Reli ilikuwa inampa likizo na pasi ya kusafiri bure, naye alikuwa ameiahirisha mara mbili. Tungekwenda nyumbani, tungekaa pamoja kama mke na mume, tungeonana na mkunga wa kwetu anayejua dawa. Kama bado ingeshindikana, ningejua kwamba ni Mungu, si ratiba ya treni.

Alisema hawezi. Nilimwuliza hawezi nini. Akanieleza, na hapa ndipo mjue desturi yao ilivyokuwa. Siku zile injini ya namna hii haikuwa ya kila mtu. Dereva na fayamani walipewa yao, wakaitunza, ikawajua, na hata kitu kikilegea wao ndio walikisikia kabla ya fundi. Kila injini ilikuwa na jozi mbili kama hizo, zikipokezana zamu. Wenzao walipoendesha wao walilala katika behewa dogo lililofungwa nyuma yake, na kuwapokea njiani. Lakini ukienda likizo ndefu, injini haikungoji. Anapewa fayamani wa akiba, akiizoea na dereva akimzoea, wewe ukirudi unapangiwa kichakavu cha kusukuma mabehewa pale yadi. Alikuwa ameona wenzake wawili wamepokonywa hivyo.

Nikasema basi sawa, upokonywe. Yadi ya Nairobi iko hapa hapa, utakuwa unalala nyumbani. Sikuona kasoro yoyote katika jambo hilo.

Akatazama viganja vyake. Ndipo akasema, “Mji huu wote, mimi ni boi. Dukani boi, barabarani boi, ofisini boi, hata mtoto wa Mzungu wako kule Hurlingham ananiita boi. Pale juu ya injini hakuna mtu ananiita boi. Yule mzee Kalasinga ananiambia, shika. Tukifika uwanda wa Athi ananiachia mkono wa stimu, ule wa kuongeza mwendo, nashika mimi.”

Ningefurahi kama angesema anampenda tu. Kupenda kunapita. Lakini alikuwa ananiambia yule mwanamke anampa kitu ambacho mimi, hata ningefanya nini, sikuwa nacho cha kumpa. Wivu huo sikuweza kuumeza wala kuutema. Nilizima jiko, nikampa mgongo, na kesho yake asubuhi akaondoka na treni ya mizigo bila kuniaga.

Wakati huo nilikuwa naanika nguo Hurlingham na kusikia filimbi za treni kutoka upande wa Kibera, na kila filimbi nilijua siyo yake. Wa ukoo wake walikuwa wazito mno; njia ya Mombasa ilikuwa imetandikwa reli nzito ya kuwabeba, ile ya kupanda Magharibi bado. Yaani hata kumvuta mume wangu kuelekea kwetu hangeweza. Kila alipoondoka naye alimpeleka mbali zaidi na kwetu. Nilikuwa nabana vibanio kwenye kamba nikimlaani, kisha namwombea asije akapinduka, kwa kuwa mume wangu yumo ndani yake. Hamjui taabu ya kumwombea mke mwenza.

Nikae hapo kidogo niwaambie alivyoishia, maana najua mtauliza, na hadithi yangu haimalizikii kwake. Baada ya miaka walimbadilisha bomba la moshi, wakamwekea lingine jembamba, bapa, la kupunguza matumizi ya mafuta, na mume wangu alinuna juma zima kana kwamba amenyolewa mama yake. Baadaye injini za dizeli zikaja. Ukoo wake ukaanza kuondolewa kazini, mmoja mmoja, na wengi wakakatwa kuwa vyuma chakavu. Wawili watatu wamehifadhiwa kwenye makumbusho karibu na stesheni, watoto wa shule wanawapanda. Wa kwetu hayumo. Mimi sasa niko hapa Mutuini, kwenye kishamba tulichonunua baada ya pensheni, na nikipita mjini siingii mle makumbusho. Sina haja ya kuwaona ndugu zake.

Sasa turudi kwa mama mkwe. Alichoka kungoja likizo ambayo haiji. Kama mwanawe haendi kwake, atamfuata. Nilirudi kutoka kufua siku moja nikakuta mlango wangu uko wazi, na yeye ameketi kwenye kiti cha pekee tulichokuwa nacho, kuku amefungwa miguu chini ya meza. Pembeni yake, kitandani kwangu, ameketi msichana. Alikuwa mbichi, mwenye meno mazuri, amevaa gauni jipya lililombana mabegani. Alikuwa ameweka mikono mapajani na hakuthubutu kuniangalia. Mama mkwe akanisalimu vizuri kabisa, akaniuliza habari za kazi, na kunitambulisha kwamba huyu ni binti wa jirani, ametoka katika nyumba ambayo wanawake wake huzaa mapacha.

Nilimchinja kuku, nikamnyonyoa, nikapika. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi na moyo uko kwingine. Chumba kilikuwa kimoja, nilikuwa nimekigawa kwa pazia, na nilishaanza kufikiri pazia la pili litapita wapi. Msichana alikuja nyuma yangu akauliza polepole anisaidie nini. Nilitaka kumtukana. Nikamwangalia, nikampa vitunguu amenye. Alilia kwa sababu ya vitunguu, nami nikapata nafasi ya kulia naye bila watu kujua.

Mume wangu aliingia siku ya pili, mchana, uso mweusi kwa masizi ila pale miwani ilipokaa, na kopo lake la chakula mkononi. Alimwona mama yake, akafurahi. Alimwona msichana, akaelewa. Alinitazama mimi upesi, mara moja tu, na sikujua mtazamo ule una maana gani. Jirani zetu wote walikuwa ghafla na kazi ya kufanya nje ya mlango wetu, hata yule wa chumba cha tatu.

Mama mkwe hakumpa nafasi ya kunawa. Alisema maneno yake kwa utaratibu, inaonekana aliyapanga tangu Kisumu. Alisema hana chuki na mimi. Alisema nafua vizuri, napika vizuri, na nina heshima. Lakini amezeeka, na hajamshika mjukuu wa mwanawe huyu. Mwanamume mwenye kazi ya reli anaweza kulisha wake wawili. Msichana ndiye huyu, wazazi wake wamekubali, anangoja neno lake tu. Nilikuwa nimesimama kwenye pazia, nimelishika. Nilijua mume wangu hajawahi kumkatalia mama yake jambo lolote, na ya kwamba tangu lile gombano hatukuwa tumesemezana ila habari za chumvi na maji. Nikajiambia, haya, yamekwisha.

Mume wangu akaweka kopo chini. Akasema, kwa ile sauti yake ya kawaida, ya kuomba chakula:

“Mama, mimi wawili ninao tayari. Wa tatu sina nafasi.”

Mama mkwe alinigeukia. Akadhani nimemficha mwanamke mahali. Akauliza huyo wa pili ni nani, amemwoa lini, mbona nyumbani hawajaambiwa. Mume wangu akamjibu bila kutabasamu kwamba yuko loko, amerudi naye sasa hivi kutoka Mombasa, na kwamba ndiye anayekula siku zake zote, hata huyu wa nyumbani anapata makombo tu. Nje jirani mmoja aliangua kicheko, akanyamazishwa. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa mwanamke wa mambo ya maana, na alichukua kila neno lilivyosemwa. Alifikiri, halafu akauliza swali lililompasa kuuliza.

“Na huyo amekuzalia?”

“Hazai,” akasema. “Hatazaa kamwe, mama, ni chuma. Na sijamwacha.”

Mama mkwe alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akamwambia msichana akusanye vitu vyake. Waliondoka na treni ya kesho yake. Sikuulizwa tena habari za mimba, wala ujumbe wa namna ile haukuletwa tena, si mwaka ule wala miaka iliyofuata.

Mume wangu alinawa uso, akaketi, akaomba chakula. Nikampakulia. Nilitaka kumwangukia miguuni, na nilitaka kumpiga na mwiko. Alikuwa amekataa kuniacha mbele ya mama yake na mbele ya landhi nzima, lakini alipotafuta mfano wa mwanamke asiyeachwa hata asipozaa, hakunitaja mimi, alimtaja yule. Mwanamke niliyemchukia kuliko wote Nairobi ndiye aliyenibakiza katika nyumba yangu. Nilimchukia zaidi tangu siku hiyo.